Ngazi ya Houssen Inapanda

Kijiwe chetu kiko mtaa wa Mahabibo, nyuma ya soko, kwenye ukuta wa ghala la zamani la ushirika. Kina benchi moja la mbao ambalo mguu wake wa nne ni tofali. Roukia anauza kahawa na mokari, vile vitumbua vya mchele ambavyo Mahajanga nzima haijui kuamka bila ya kuvila, na sisi tunakaa pale kuanzia alasiri mpaka birika libaki mashapo. Wa kudumu tuko wanne. Mouigni tunamwita Gavana, kwa sababu hajawahi kutawala kitu, hata nyumba yake. Tadjiddine ni Teksi, aliyeendesha teksi Moroni na hajaacha kutusimulia. Abdou, fundi cherehani, ni Sindano. Mimi wananiita Unguja, maana nilikaa huko miaka minane na ndiko nilikoipata lugha hii ninayokuandikia. Pale kijiweni tunasema Kimalagasi, tukikasirika tunahamia Kikomoro, na tukitaka kuonekana tumesoma tunachovya Kifaransa. Kiswahili nimekitia mimi, na nimewasafishia wenzangu maneno kuliko wanavyostahili.

Wa tano ni Houssen, fundi rangi. Yeye haji kila siku, na akija hukaa ukingoni. Tulimpa jina la Kombo kwa ajili ya ukuta tunaouegemea, ambao aliupaka yeye. Umechujuka, lakini bado unaonekana: ngazi nyekundu ya vidato saba, duara jeusi juu yake, na viboko vinne vya mshazari chini. Hakuna mtu, hakuna mti, hakuna neno. Ukiutazama kama unavyosoma gazeti, kutoka kushoto, unaliona duara juu, halafu ngazi inashuka, inashuka, mpaka inaishia kwenye mgongo wa Gavana. Kwa miaka mingi kila mgeni wa benchi alifundishwa kuucheka kabla hajamaliza kikombe cha kwanza.

Basi mwaka jana akaja mwanamke kutoka Antananarivo, msanii aliyesomea Ulaya, akaupiga picha ukuta ule siku tatu mfululizo. Tulihama benchi letu apate nafasi. Gavana akakataa kuhama, kwa hiyo yumo katika picha nyingi, upande wa kulia, na kikombe chake. Yule mama akarudi na kazi kumi na mbili, zote ngazi. Ngazi juu ya mkeka wa rafia, ngazi juu ya bati lenye kutu, ngazi ya magunia ya mpunga inayoteremka hadi kwenye fungu la mchanga. Kwanza alizitundika Nosy Be, kwenye hoteli inayotazamana na kisiwa cha Sakatia, na sasa zilikuwa zifunguliwe kwetu Jumamosi, kwenye ukumbi wa pwani. Mwenyewe tulimwita Mama Vidato.

Alhamisi ile Houssen alikuja mapema, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya kushonwa kwa mkono, ile ya Idi. Tukajua ana jambo. Alikataa mokari. Alikaa, akasimama, akakaa tena.

— Nimekuja na shida, akasema.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Alikwenda ukumbini akakuta picha kubwa ya ukuta wake imeshatundikwa mlangoni, na chini yake kikaratasi cha maelezo kilichosema kuwa mchoraji hajulikani. Akawaambia ni yeye. Wakamtazama kanzu. Aliyemsikiliza ni mmoja tu, Mwalimu Hasnati wa Antanimasaja, ambaye amepewa kazi ya kuandika vikaratasi hivyo kwa lugha tatu. Mwalimu alimwambia kuwa yuko tayari kukibadilisha, ila wenye maonyesho wanataka mashahidi wawili waliomwona akipaka. Angekuja kijiweni alasiri ile ile, kwa kuwa usiku karatasi zinakwenda kupigwa chapa.

— Wawili tu, akasema Houssen. Nyinyi mko wanne.

— Kwani nani hajui kama ni wewe? akasema Gavana. Mji mzima umekucheka.

Houssen akashukuru, kana kwamba ameahidiwa kitu. Akakaa kwenye ukingo wake na mikono juu ya magoti, na sisi, tukiwa na saa nzima ya kungoja na birika limejaa, tukaanza kazi tunayoiweza.

Sindano ndiye aliyekuwa na haki ya kusema, maana aliitwa kupinda kingo za vitambaa vya maonyesho. Alisimulia kuwa vitambaa vyenyewe ni lambahoany, kanga za huku kwetu, kama za mkewe, ila mahali pa maua na methali imechapwa ngazi. Kimoja kilitundikwa juu chini. Akamwita Mama Vidato pembeni, kwa adabu, akamwambia. Yule mama akakitazama sana, akamshika mkono, akamshukuru kwa moyo wote, akakiacha vile vile.

Teksi naye alikuwa na habari za Nosy Be kutoka kwa shemeji yake Charifa, anayefua mashuka kwenye ile hoteli. Charifa kasema wageni waliotoka kuzamia walisimama mbele ya mkeka wa rafia nywele zikiwachuruzika maji, na mmoja alitokwa na machozi.

— Alilia nini?

— Ngazi.

— Mimi nimelala juu ya mkeka wa rafia tangu kuzaliwa, akasema Gavana, na sijaona mtu akiulilia, hata waliolazwa juu yake wamekufa.

Kijitabu cha maonyesho nilikuwa nacho mimi, kwa kuwa kati yetu ndimi ninayejifanya nasoma Kifaransa bila ya kusogeza midomo. Nikawatafsiria. Kilisema kwamba miaka mia moja iliyopita, katika nchi za baridi, kulikuwa na wachoraji walioamua kuachana na nyuso na miti na mabakuli ya matunda. Walisema dunia mpya inakuja, na itazungumza kwa mraba, duara na mstari, ili hata asiyejua kusoma aelewe akiwa anapita njiani. Kisha wakubwa wao wakawachoka, michoro ikafungiwa stoo, na lugha ile ikasahaulika hata kwao. Na kumbe ilikuwa imeibuka Mahabibo, nyuma ya birika la Roukia. Hapo, nikuambie kweli, nilipapenda. Lakini kijiweni mtu hasemi amependa kitu, kwa hiyo nilisoma kwa sauti ya puani ili wacheke, na walicheka.

Kisha nikafika pale kijitabu kinapoeleza maana. Kilisema mchoraji huyu asiyejulikana, katika siku zile za mapinduzi ya kisoshalisti, aliichukua ngazi ya maendeleo akaigeuza, ikashuka, ili kuwakejeli wakubwa kimyakimya. Na kidato cha chini kabisa amekiacha bila ya kukichora, pengo tupu, ishara ya ahadi ambayo haikutimizwa.

Tukageuka sote kukitazama kidato cha chini. Pale alipo Gavana, kwenye pembe ya kulia, rangi imekwisha kabisa. Amepaegemea kila siku tangu arudi, na jasho lake na mafuta yake ya nazi, na ukuta umelainika kama sahani.

— Ahadi isiyotimizwa, akasema Sindano, imeliwa na mgongo wako.

— Basi na mimi ni msanii, akasema Gavana. Niandikwe.

Houssen hakucheka. Alingoja tunyamaze, akasema neno lake la siku zote, ambalo tumelisikia mpaka limekuwa sehemu ya mzaha:

— Haishuki. Inapanda. Ianzeni kulia.

Nitakueleza mwenyewe, kwa kuwa wenzangu hawajawahi kumwachia amalize. Baba yake, marehemu Abdérémane, alikuwa anaandika aya kwenye mbao za misikiti, na Houssen alijifunza brashi kwake kabla hajajifunza kitu kingine. Herufi za Kifaransa anazinakili tu, kama mtu anayechora kuku. Mkono wake unaanzia kulia. Mwaka wa sabini na nane fundi mmoja mgeni kutoka nchi rafiki, aliyeletwa kufunga mashine ya kukoboa, alimwachia kalenda ya nyumbani kwao yenye michoro ya zamani, na katika mwezi mmoja kulikuwa na ngazi, duara na viboko. Kwenye kalenda ngazi ilianzia kushoto ikapanda kwenda kulia. Houssen, alipoihamishia ukutani, hakukosea hata kidogo kwa hesabu zake. Kidato cha kwanza ni kama neno la kwanza, na neno la kwanza linakaa kulia. Akaiweka pale, akapanda nayo kwenda kushoto mpaka kwenye duara.

Kamati ya ushirika ilipokuja kukagua, ilisimama ikasoma kwa macho ya ofisini. Ikaona maendeleo ya wananchi yanaporomoka kuelekea sokoni. Houssen akawaambia inapanda. Wakamwuliza kama anawafanya wajinga. Tangu siku ile hakupewa tena ukuta wa mtu yeyote wa serikali, wala shule, wala duka la ushirika, na miaka thelathini na zaidi ya maisha yake ameimaliza akipaka pusipusi, vile vigari vya abiria vya kukokotwa, ubavu kwa ubavu, jina la mwenyewe na ua moja. Ngazi ile ilimkata mkono. Na sasa kijitabu kinasema kuwa alikusudia ishuke. Kwa hiyo akina Mama Vidato wamemnyang'anya jina, na juu ya hapo wameiunga mkono ile kamati.

Ungedhani watu wenye haya wangekaa kimya baada ya hapo. Lakini birika lilikuwa bado zito.

Teksi akasema kijitabu kimekosa, na Houssen naye kasahau kwa uzee. Ile si picha, ni ramani ya nyumba ya katibu wa ushirika, ghorofa mbili, iliyokuwa ijengwe kwa mbao za wanachama. Ndiyo maana kamati ilikasirika, siri ilikuwa imewekwa ukutani.

— Umejuaje? nikamuuliza.

— Nilikuwepo. Mafuta ya taa ya kulainishia rangi nilimpa mimi, kwenye chupa ya sharubati.

Sindano akasema hilo la nyumba ni la kitoto. Yeye anajua mchoro wa kukatia nguo akiuona. Ni sare ya askari, viboko vinne ni tepe, duara ni kifungo, na vidato ni vipimo vya miguu ya kikosi kilichokuwa kifichwe ndani ya ghala. Kikosi cha watu wafupi sana, alivyohesabu.

— Nilicheka siku ile mpaka nikajichoma, akasema. Hapa.

Akatuonyesha kidole. Kidole cha fundi cherehani kina alama za kutosha kwa ushahidi wowote unaotaka kuutoa.

Gavana aliwaacha wote wamalize, akafuta mdomo. Kwa maoni yake hayo ni mambo ya chini, na ukuta ule ulikusudiwa kutazamwa kutoka juu. Duara jeusi ni uwanja. Vidato saba ni siku saba. Nchi rafiki zilitaka kutua hapa hapa, na Houssen, kwa kujua au kwa kutojua, alikuwa anawaelekeza marubani.

— Watue sokoni, Gavana? Kwenye nyanya?

— Ndege za siku zile zilikuwa ndogo. Nasema nililoliona. Kopo la rangi nilimshikia mimi, kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha saba. Mkono uliniuma wiki nzima.

Hapo ikaniingia tamaa. Sijui kwa nini. Labda kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kitu mkononi katika siku ile, nami sikuwa na kitu.

— Mimi nilimpa sigara, nikasema. Alipopumzika.

Houssen hakumbishia yeyote. Alitutazama mmoja mmoja, akarudisha macho kwenye magoti yake. Nilidhani amefurahi, amepata mashahidi wanne badala ya wawili.

— Ndege hazikuwa ndogo, akasema Roukia, akimimina. Mimi nilipandishwa na mama na shangazi zangu wote, na masanduku.

Hilo halikutakiwa kusemwa. Kijiweni kwetu tunajadili kila kitu isipokuwa mwisho wa mwaka wa sabini na sita, siku zile watu wetu, Wakomoro, walipouawa katika mitaa hii hii, na walionusurika tukapakiwa kwenye meli na ndege kupelekwa Visiwani Komoro. Huko nako wakatupa jina la kampuni ya ile ndege, wakatuita Wasabena, kana kwamba tulizaliwa ndani yake. Tukitaja tunasema wakati ule, na kikombe kinakwenda mdomoni. Vikombe vikaenda midomoni.

Ndipo Mwalimu Hasnati akatokea kwa upande wa soko, daftari kwapani. Ni mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ya darasani. Alitusalimu kwa Kimalagasi, mbola tsara, tukamjibu hivyo hivyo, akavutiwa kigoda na Roukia. Alikataa kahawa, kisha akaipokea. Alimwamkia Houssen peke yake kwa Kikomoro, akamwita baba.

— Nataka majina mawili, akasema, na kila mmoja aniambie aliona nini. Nitaandika kama mtakavyosema.

Haikuwa kazi kutusemesha. Gavana akatoa kopo lake. Teksi akatoa mafuta ya taa na chupa, akaongeza kuwa ilikuwa ya sharubati ya ndimu. Sindano akatoa kicheko na kidole. Mimi nikatoa sigara yangu, na niliiongezea kuwa ilikuwa na unyevu, haikuwaka vizuri. Mwalimu aliandika yote kwa mwandiko wa kunyooka, bila ya kutuuliza swali. Alipomaliza aliyasoma upya kwa macho. Kisha akauinukia ukuta, akajinyoosha pembeni mwa duara, pale Houssen alipotia mwezi na mwaka kwa tarakimu za Kiarabu, akapitisha kidole juu yake. Akarudi kukaa.

— Wazee wangu, akasema, mwezi wa tano, mwaka wa sabini na nane, nani kati yenu alikuwa Mahajanga?

Aliuliza kama anavyouliza mtu saa. Hakutega kitu. Roukia akabaki ameinamisha birika bila ya kumimina.

Teksi alifungua mdomo. Lakini Teksi ametuambia mara elfu kwamba aliushika usukani Moroni mwezi ule ule alioteremka kwenye ndege, na hakuuachia mpaka themanini na tano. Sindano alikuwa Mutsamudu, visiwani huko huko, anashona sare za shule, kuna picha yake dukani kwake imeandikwa mwaka. Gavana alifichwa na shangazi yake Nosy Be, akavushwa Sakatia, akakausha samaki huko miaka mitano, na kila akilewa kahawa anatueleza vile samaki walivyokuwa wakubwa. Na mimi, jina langu lenyewe ni ushahidi. Mwezi wa tano wa sabini na nane nilikuwa nabeba saruji Malindi ya Unguja, najifunza kutukana kwa Kiswahili. Kwa miaka yote hii tumeisimulia siku ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiona, na tumeisimulia mbele yake, yeye aliyekuwepo.

Niliona aibu. Sikuitafutia jina lingine wakati ule na sitaitafutia sasa.

— Labda mwaka umekosewa kuandikwa, akasema Gavana.

— Mwaka niliuandika mimi, akasema Houssen.

— Basi, Mwalimu, andika tu kuwa nimeona. Nitatia sahihi. Ni kwa faida yake.

Akanyoosha mkono kuichukua kalamu. Alikuwa na nia njema, namjua, na ni nia njema yake ya kwanza tangu mvua zilizopita. Houssen akauweka mkono wake juu ya daftari.

— Usiandike hivyo, Mwalimu. Mouigni hakuwepo. Angekuwepo nisingeichora.

Sijapata kumsikia Houssen akisema maneno mengi, na sitayaremba. Alisema wajomba zake wa upande wa mama, Wasakalava, wenyeji wa pwani hii, ndio waliomficha wakati ule, na baadaye akatembea kwa jina lao. Kamati ilimtaka aandike maneno hapa ukutani, umoja, kazi na maendeleo, makubwa, yasomeke kutoka barabarani. Akaja asubuhi na kopo lake, akapanda juu ya pipa.

— Nikageuka kutazama, akasema, nimuone nitakayemwandikia. Milango ilikuwa imeng'olewa. Kwa baba yako, Abdou, mbuzi walikuwa wanalala chumbani. Hapa pa Roukia palikuwa na kiatu. Hapakuwa na mtu wa kusoma, sasa maneno ya nini. Nikaichukua ile ngazi ya kalenda. Nikasema wakirudi watapita njia ya sokoni, watatokea kulia. Waikute inapanda.

Akaongeza, kwa sauti ile ile:

— Nilipaka peke yangu. Sigara sivuti.

Tulirudi kweli. Tulirudi mmoja mmoja, huyu themanini na mbili, huyu themanini na tano, tukapita njia ya sokoni, tukatokea kulia. Wote tumesoma Kurani chuoni, wote tulianza kusoma kutoka kulia kabla ya kuota meno ya pili. Tukasimama upande wa kushoto wa ukuta, kama makarani, tukacheka. Jina la Kombo nililitoa mimi. Nilikuwa nimerudi wiki mbili tu, nilitaka watu wanione mchangamfu.

Mwalimu Hasnati alikuwa amezifuta zile sentensi zetu nne kwa mstari mmoja mmoja, bila ya haraka.

— Nami naamini ni wewe, baba, akasema. Lakini karatasi ina pahala pa mashahidi, na wale watauliza. Niandike nini?

Houssen akafikiri. Sisi tulikuwa tunatazama chini, kila mtu na kandambili zake.

— Andika jina langu na la baba yangu. Andika ianze kulia. Na hapo pa mashahidi andika kuwa hawakuwepo.

Aliandika. Roukia alimimina kilichobaki kwenye birika, nusu kikombe na mashapo, akampelekea Houssen, na sisi akatuambia kahawa imekwisha. Ilikuwa bado mapema. Tukainuka.

Mama Vidato, nasikia, aliposomewa karatasi kwa simu alisema maneno yale ni mazuri mno, yasiguswe hata nukta. Watu wale hata ukiwapiga kofi watauliza kama linaweza kutundikwa. Lakini yalipigwa chapa, na hilo ndilo lililotakiwa.

Jumamosi tulikwenda wanne, tumeoga. Houssen alikuwa ndani tayari, na kanzu yake na kofia ya Idi, anaonyeshwa mkeka wa rafia na mtu mwenye kamera. Alikuwa anautikisia kichwa kwa adabu, na nilisikia anamwambia Mama Vidato kwamba fundo la pembeni limelegea. Mlangoni ilikuwepo ile picha kubwa ya ukuta, na Gavana na kikombe chake kwenye pembe. Wageni wengi walisimama kushoto, kama ilivyo kawaida. Akaja mzee mmoja wa Kifaransa na mkewe, wakasoma kikaratasi, wakatazamana, wakatembea mpaka mwisho wa kulia, wakaanza upya kutoka hapo. Niliwaona macho yao yanavyopanda, kidato kwa kidato. Na mimi nikaenda nikasimama nyuma yao, nikaianza kulia, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Inapanda. Ni ngazi ya kawaida kabisa, inapanda.

Gavana alinifuata. Alikuwa ameisahau miwani yake nyumbani, au alisema ameisahau. Akakiinamia kikaratasi, akashindwa, akaniuliza kimeandikwa nini.

— Houssen wa Abdérémane, Mahabibo, mwezi wa tano 1978, nikamsomea. Ianze kulia.

— Basi?

— Kuna mstari mmoja zaidi, wa mashahidi.

— Usome.

Nikausoma.